Mifupa ya Mkurugenzi

Ukitaka kumwona Bi Miiba amekasirika, mrudishie sahani ikiwa na chakula. Mtukane, atacheka. Mwibie mwavuli, atakuombea usinyeshewe. Lakini mwachie nusu ya wali, atakufuata mpaka mezani, mikono kiunoni, akuulize kama chumvi imezidi au kama una msiba ambao hukumwambia.

Alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, jengo refu lenye korido iliyonuka dawa ya sakafu asubuhi na vitunguu vya kukaanga kuanzia saa nne. Jina la Bi Miiba alipewa na wazee wenyewe, kwa sababu katika chakula chake mwiba wa samaki ulikuwa haujapata kuonekana. Mwaka wake wa kwanza pale, kikongwe mmoja alikwamwa na mwiba kooni. Alipigwapigwa mgongoni, akakimbizwa hospitali, akapona. Ila hakuonja samaki tena mpaka alipofariki, na samaki ndiye aliyekuwa furaha yake. Bi Miiba hakulisahau. Tangu hapo kila samaki, kila kuku, kila kipande cha nyama kilichopita jikoni mle kilipita kwanza kwenye vidole vyake. Aliketi kwenye kigoda, beseni mapajani, anapiga soga na wasaidizi wake, anatania, anacheka, na vidole huku vinachambua vyenyewe, vinatoa mifupa na kuitupa kwenye ndoo bila kuangaliwa. Matroni, mama mkali aliyeisimamia nyumba ile, alikuwa akisema kwamba pale kwao meno ni pambo tu.

Mbali na mifupa alikuwa na imani moja, na imani hiyo ndiyo iliyomponza: mlaji ndiye anayejua. Mzee akikataa mboga, mboga ziondolewe, aletewe anachokitaka. Akiomba sukari nyingine kwenye chai, aongezewe. "Mtu amefika umri huu, wewe unambishia kijiko?" Matroni alimgombeza kwa jambo hilo mara nyingi. Naye aliitikia "Nimekusikia, mama," kwa adabu zote, kisha kesho yake akarudia yale yale. Haukuwa ukaidi. Bi Miiba alikuwa hawezi kabisa kuona kiumbe kinatazama chakula kwa hamu halafu kisipewe. Wengine hawawezi kuona damu. Yeye alikuwa hawezi kuona hilo.

Nyumbani kwake, vyumba viwili na ua mdogo wa saruji, mlaji alikuwa mmoja tu, naye hakuwa mtu. Alikuwa mjusi. Usije ukamfikiria yule wa ukutani anayekimbizwa kwa ufagio. Huyu alikuwa tegu, mjusi wa kufugwa ambaye asili yake ni nchi za mbali, mweusi mwenye mabaka meupe, shingo nene, mashavu yamejaa, na ukimnyoosha kitandani alichukua nafasi ya mtoto wa shule. Majirani walimwita kenge, wakamaliza. Fundi viatu, aliyepakana na Bi Miiba ukuta kwa ukuta, alipoambiwa jina halisi alicheka mpaka akashika mlango.

"Tegu? Si yule mnyoo wa tumboni? Bora kenge, jirani. Kenge ana heshima kidogo."

Mwenye mjusi, yaani mwanawe Bi Miiba, alikuwa amempa jina la Mkurugenzi. Alisema kiumbe huyu hafanyi kazi yoyote, analala mchana kutwa kwenye joto, na sahani ikichelewa anakukodolea macho mpaka ujione mkosaji. Jina likamkaa.

Mwana huyo alikuwa wa pekee, dereva wa mtambo wa kushindilia barabara, na wakati wa habari hii alikuwa kwenye kambi ya ujenzi mbali sana na nyumbani, mahali ambapo mfanyakazi haruhusiwi kufuga hata kuku. Alipiga simu kila Jumapili mchana, hakukosa. Mtu asiyejua angesema, mtoto mwema huyo. Basi aisikilize hiyo simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mkurugenzi hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula."

"Unamchanganyia? Unambadilishia?"

"Namchanganyia."

"Haya, mama. Tutaongea Jumapili."

Basi. Simu imekatwa, na Bi Miiba amebaki ameishika kama mtu aliyeombwa ashike mzigo kidogo, na mwenye mzigo akaenda zake.

Hawakuwa hivyo tangu mwanzo. Walikuwa mama na mwana wa kutaniana mpaka fundi viatu anagonga ukuta. Kilichowatenganisha ni kifo cha baba wa nyumba. Marehemu alikuwa mlinzi wa ghala, mtu mpole, mwenye ugonjwa wa kisukari, na madaktari walikuwa wamemwambia kinagaubaga ale nini na asiguse nini. Bi Miiba alimpikia alivyoelekezwa. Alimpikia kweli, tusimsingizie. Lakini mzee yule hakuwa anaomba kwa maneno. Anakaa mbele ya bakuli la mboga, anaweka kijiko chini taratibu, anamtazama mkewe. Hanuni, hagombi. Anatazama tu. Na mkewe anavumilia, anavumilia, halafu anainuka kwenda kabatini. Kipande kidogo cha keki. Kijiko kimoja cha asali. Leo tu. Na hizo leo zikawa nyingi. Mguu ukaanza kuoza, zikafuata figo, na mzee akaenda.

Siku ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, mwana aliingia jikoni ambamo mama yake na shangazi zake wawili walikuwa wanasuuza vyombo. Akasema bila kupandisha sauti, "Baba hakuuawa na sukari. Ameuawa na sahani."

Maji yakaendelea kutiririka juu ya vyombo. Bi Miiba akasema, "Nilimpenda baba yako."

"Najua," akajibu mwana, akatoka nje.

Muda si mrefu akaenda kambini. Neno lile hakuna aliyeligusa tena, si yeye wala mama yake. Lilibaki pale pale katikati yao, na juu yake wakamweka mjusi.

Kwa hiyo Bi Miiba alijua vizuri sana alichokabidhiwa. Mjusi akiwepo, Jumapili kuna simu. Mjusi asipokuwepo, mwanawe atapiga kuuliza nini? Na akifa mjusi kwa chakula, katika mikono ile ile, lile neno la jikoni litakuwa limepata shahidi.

Kabla hajaondoka mwana alimfundisha mama yake kila kitu, tena kwa subira. Alimwonyesha ndoo ya mende wa kufugwa, yenye mfuniko wa matundu. Alimwonyesha panya wadogo waliogandishwa, wamefungwa kwenye mfuko mweusi ndani ya friza.

"Mama, huyu si wa kula kitu kimoja," alisema. "Leo mpe panya mzima. Kesho mende, au panzi. Kesho kutwa yai, au samaki mdogo pamoja na miiba yake. Halafu papai, boga, majani kidogo. Usimzoeshe kimoja, atakuendesha. Na huu unga mweupe kwenye kopo ni madini ya mifupa, mnyunyizie juu ya chakula."

Mama aliitikia kila neno. Alipobaki peke yake akafungua friza, akawakuta panya wamelala ubavuni mwa kuku wake, na mwili wote ukamsisimka.

Mwanzo alijitahidi. Panya aliwashika kwa koleo, uso kaugeuzia dirishani. Mende aliwamimina huku anamwomba Mungu. Lakini hebu fikiri, mtu ambaye maisha yake yote ya kazi amekuwa akiua mende jikoni, umpe ndoo ya mende awalishe maganda ya karoti ili wanenepe! Siku ndoo ile ilipoanguka uani ikapasuka, aliwafagia wote, na hakujisumbua kutafuta wengine. Panya waliobaki aliwatupa umeme ulipokatika friza ikayeyuka. Alijiambia atanunua wengine. Hakununua.

Kisha Mkurugenzi mwenyewe akamalizia kazi. Aliwekewa papai, akaligeuzia mgongo. Boga akalikanyaga. Ule unga mweupe ukamwingia puani, akapiga chafya, akahama, akakaa pembeni mwa ukuta siku nzima akikodoa macho. Bi Miiba alivumilia kadiri alivyoweza, yaani si sana. Siku moja akaja na kifua cha kuku kutoka kazini, kimechambuliwa, kimesagwa laini, akakikorogea yai la kuchemsha. Mkurugenzi alikula mpaka akalamba sahani, halafu akapanda akalamba na vidole vya mpishi. Mpishi gani asingeyeyuka hapo? Kuanzia siku hiyo ikawa kuku laini leo, kuku laini kesho, mara mojamoja nyama ya kusaga isiyo na hata gegedu. Mifupa yote aliifunga kwenye mfuko akampa mbwa wa fundi viatu. Kopo la unga akalipandisha juu ya kabati.

"Chokaa ni ya kupaka ukuta," alimwambia fundi viatu. "Tangu lini ikawa kitoweo?"

Na Mkurugenzi akanawiri. Akanenepa shingo, akanenepa mkia, ngozi ikang'aa. Bi Miiba akawa anamwangalia kwa majivuno, kama alivyowaangalia wazee wake walioongeza uzito. Alipomwambia mwanawe "anakula", hakuwa anadanganya. "Namchanganyia" ndiyo ilikuwa ya uongo, na hata hiyo aliipatia udhuru: kuku na yai si vitu viwili?

Dalili ya kwanza ilikuwa vidole. Vidole vya miguu ya mbele vilianza kutetemeka, kidogo tu, wakati Mkurugenzi ametulia. Bi Miiba akasema ni baridi, akamsogeza juani. Baadaye akaona hainui tumbo anapotembea, anajivuta nalo. Akasema ni unene. Mtu akitaka sababu hazikosi. Mpaka asubuhi moja alipokuwa anamlisha kwa kijiko, akaona taya la chini limepinda upande, mdomo haufungi sawasawa, na ulimi unachungulia. Akaweka kijiko. Akamshika taya polepole kwa kidole gumba, kile kidole kilichojua mfupa ulipo hata kwenye beseni la mchuzi. Hakikukuta mfupa. Kilikuta kitu kinachobonyea.

Alikaa chini pale pale kwenye saruji. Aliogopa kama alivyoogopa siku alipofunua soksi ya mumewe akaona rangi ya kidole. Na kwa kuwa alikuwa ameogopa, alifanya kile alichojua kufanya: alirudi jikoni, akasaga kuku mara ya pili, awe laini zaidi, mgonjwa asipate taabu.

Jumapili ile mwana aliongeza neno kwenye maongezi yao. "Mama, nitumie picha. Nataka kumwona anavyotembea."

Bi Miiba alitoka uani. Mkurugenzi alikuwa amelala juu ya gunia, miguu ya nyuma imenyooka vibaya kama si yake. Akasimama naye hapo muda mrefu. Halafu akatafuta ndani ya simu picha aliyompiga zamani, siku alipokuwa amepanda ngazi ya mlango kwa kifua mbele, akaituma hiyo.

"Amependeza," mwana alijibu. "Asante, mama."

Aliigeuza simu uso chini mezani, na siku nzima hakula kitu.

Fundi viatu ndiye aliyemvunja. Alikuja kuazima chumvi, akachungulia uani, akamwona Mkurugenzi anajivuta kufuata jua, mikono inavuta na miguu inaburuzwa.

"Jirani, huyu hatembei."

"Kachoka."

"Kachoka na nini? Kazi yake ni ipi? Jirani, mpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Atapata nafuu. Nimemzidishia mayai."

Fundi viatu alimtazama. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini safari hii hakucheka. "Kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni," alisema. "Na simsemi mjusi."

Bi Miiba alitaka kumjibu. Badala yake akaanza kulia, mikono imejaa unga wa chapati. Basi wakamweka Mkurugenzi kwenye beseni la kufulia, wakamfunika taulo, wakabeba kila mmoja upande wake.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na chumba chake kilinuka dawa ya kuogeshea mbuzi. Hakujifanya. "Mimi ni wa ng'ombe na kuku," alisema. "Huyu nitamuuliza mwenzangu anayewajua." Akatoka na simu, akarudi, akavaa glovu. Akabonyeza taya, akapapasa uti wa mgongo, akanyoosha mguu mmoja na kuuachia. Kisha akauliza swali lile ambalo Bi Miiba, kwa maisha yake yote, alikuwa akilijibu kwa fahari.

"Anakula nini?"

"Kuku. Kifua. Nachambua mwenyewe, simwachii mfupa hata mmoja."

"Na kingine?"

"Yai la kuchemsha."

"Na kingine?"

Bi Miiba akatazama beseni.

"Mama," daktari alisema, "huyu porini anameza mnyama mzima. Nyama, ngozi, ini, mifupa. Anatafuna konokono na gamba lake, anakula matunda, anakula wadudu. Kila kimoja kinampa kitu ambacho kingine hakina. Wewe umemtolea kila kilicho kigumu. Mwili umetafuta madini kwenye chakula, umekosa, ukaanza kuyachota kwenye taya lake na miguu yake. Ile mifupa uliyokuwa unamwondolea ndiyo aliyoikosa."

"Lakini alikuwa anapenda," Bi Miiba alisema. "Alikuwa anapenda sana."

"Najua."

Bi Miiba akashika ukingo wa meza. Neno hilo, kwa sauti ile ile isiyopanda, alikuwa ameshalisikia.

Daktari alimchoma Mkurugenzi sindano, akatoa chupa ya dawa ya madini ya kumdondoshea mdomoni. Akaeleza chakula: shingo za kuku zisagwe pamoja na mifupa yake, samaki wadogo wasagwe wazima na vichwa, maganda ya mayai yatwangwe, ini kidogo tu na si kila siku, papai na boga vipondwe humo humo, wadudu wakipatikana, na ule unga mweupe juu ya kila mlo. Kila siku mchanganyiko ubadilike. Na jua, jua la kutosha.

"Atapona?"

"Taya lililopinda halitanyooka. Kuishi anaweza kuishi, akila. Lakini atakataa, mama. Umemdekeza. Ana mafuta mengi, njaa ya siku chache haitamuua. Ikizidi hapo, mlete nimlishe kwa mpira wa kooni. Ila usimpe kile chake hata mara moja. Ukimpa, atajua kwamba dawa yako ni kukukodolea macho."

Kesho yake kazini, wasaidizi wa jikoni waliona kitu ambacho hawakudhani watakiona. Wazee walipokwisha kula, Bi Miiba aliketi kwenye kigoda na beseni la samaki wadogo aliowanunua mwenyewe, akavuta mashine ya kusagia nyama. Alishika samaki wa kwanza, na kabla hajatambua, uti wa mgongo ulikuwa tayari uko kati ya vidole vyake, mzima, safi. Akautazama. Akaurudisha kwenye samaki. Akashika wa pili, vidole vikafanya vile vile. Ilibidi afunge ngumi na kuwatia kwenye mashine kwa kiganja, mmoja mmoja, na mifupa ilipoanza kulia ndani ya chuma akafumba macho.

"Mama, tukusaidie?" aliuliza msaidizi mmoja.

"Hapana," alisema. "Hii ni yangu."

Mkurugenzi alinusa bakuli lile, akalamba mara moja, akageuza kichwa. Siku ya pili iliwekwa shingo ya kuku na boga, hakunusa. Siku ya tatu ilikuwa mayai na maganda yake na papai. Alilikanyaga akaenda kulala upande wa pili. Dawa alidondoshewa kwa nguvu, akaitema nusu. Bi Miiba alirudi kutoka kazini, anatupa bakuli lililokauka, anatengeneza jingine, analiweka, anakaa. Na Mkurugenzi anamtazama. Si macho ya hasira. Anakuangalia tu, kwa upole, kama mtu aliye na hakika kwamba utaelewa. Bi Miiba hakuweza kujidanganya: yalikuwa macho ya mumewe mezani.

Ikafika Jumapili. Simu ya mwana ilikuwa bado. Jua lilikuwa limejaa uani, nzi wanazunguka bakuli, na Mkurugenzi amelala juu ya gunia lake, ubavu unapanda na kushuka. Bi Miiba alikuwa amejiwekea kuku wake wa mchana, laini, wa kwake mwenyewe. Alipofungua mlango wa friji ile harufu ikatoka, na Mkurugenzi akainua kichwa. Kichwa kilitetemeka, lakini akakiinua. Ulimi ukatoka.

"Kidogo tu," Bi Miiba alisikia sauti yake mwenyewe ikisema. "Apate nguvu. Leo tu."

Alikuwa ameshachukua bakuli. Alikuwa ameshapita mlango wa uani. Akasimama hapo, mguu mmoja juani na mwingine kivulini, na akajua kwa hakika kabisa kwamba atampa. Hakuna kitu ndani yake kilichokuwa na nguvu ya kukataa. Akachukua simu kwa mkono wa pili, akampigia mwanawe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi.

"Mama?" Mwana hata kuamkia alisahau. "Kuna nini?"

"Mkurugenzi ni mgonjwa. Taya limelainika, na miguu ya nyuma haimbebi. Ile picha niliyokutumia ilikuwa ya zamani."

Huko kambini mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha.

"Ulikuwa unampa nini?"

"Kuku. Kuku peke yake na yai. Nilikuwa namtolea mifupa."

"Panya?"

"Niliwatupa."

"Mende?"

"Niliwafagia."

"Na ule unga?"

"Uko juu ya kabati."

"Nilikwambia, mama." Sauti ilikuwa imeanza kupanda sasa. "Nilikuonyesha kimoja kimoja. Kwa nini?"

"Alikuwa ananitazama."

Mwana alilitoa neno lake taratibu, kama mtu anayetoa kisu kwenye ala. "Kama baba."

Kwa muda wote ule Bi Miiba alikuwa ameweka akiba ya majibu. Kwamba alimpikia mzee alivyoelekezwa. Kwamba mzee alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Kwamba wewe hukuwa unakaa naye mezani, usiku na mchana, ukitazamwa. Yote yalikuwa tayari, na yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Hakutoa hata moja.

"Kama baba yako," alisema. "Ulisema kweli siku ile. Nilikuwa najua, na nilimpa."

Mwana alivuta pumzi. Alikuwa kama mtu aliyeusukuma mlango kwa bega, akakuta haukufungwa. "Mama, mimi sikutaka..."

"Ulitaka, na ilikuwa haki yako. Sikukupigia kwa hilo. Nimekupigia kwa sababu nina bakuli la kuku mkononi, na yeye ameinua kichwa, ananitazama. Daktari amekataza. Nitampa, mwanangu. Nakwambia kabla sijampa. Peke yangu siwezi."

Kisha akasikia mwanawe anasafisha koo.

"Liweke chini, mama."

"Wapi?"

"Ndani. Lirudishe ndani, ufunge mlango, urudi."

Bi Miiba alienda, akafunga, akarudi. "Nimerudi."

"Kaa chini. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Bakuli la chakula cha daktari liko mbele yake?"

"Liko."

"Bado anakutazama?"

"Ananitazama."

"Mwache atazame," mwana alisema, na hapo sauti ikamvunjika. Alilia kwenye simu, kilio cha mwanamume asiyejua kulia, cha kukatikakatika, ambacho hakukilia siku ya mazishi. Bi Miiba hakumwambia anyamaze. Aliegemeza mgongo ukutani, simu kaibana sikioni, machozi yanamshuka, na macho yake kwa mjusi. Mkurugenzi alikishusha kichwa, akanyoosha ulimi, ukagusa ukingo wa bakuli, ukarudi. Hakula. Akaendelea kutazama.

"Mama."

"Nipo."

"Usikate simu."

"Sikati."

"Usiinuke."

"Sijainuka, mwanangu," alisema Bi Miiba. "Nimekaa."